Mpira Uliopakwa Dawa ya Viatu

Kwanza ulikuja mluzi, mwembamba na mrefu, kama wa birika lililosahauliwa jikoni.

"Nani ameacha maji motoni?" Mama akauliza, macho bado ameyafumba. Alikuwa amesinzia kwenye kiti cha mbele, mikono yake imekumbatia kitana cha mti kilichofungwa ndani ya leso.

Mwanawe, ambaye mtaani kwao hakuna aliyemwita jina jingine ila Kinyozi, alipunguza mwendo, akatega sikio. Mluzi ukapanda, ukapanda, ukafika pale ambapo sauti haina tena pa kupanda. Halafu chini ya boneti kikatoka kishindo kizito, kama cha mtu aliyepigwa ngumi ya tumbo, na mvuke ukafunika kioo chote. Aliegesha gari kando ya barabara kwa kukisia, akifuata mlio wa changarawe chini ya matairi.

"Sasa tumefika au tumefikwa?" Mama akauliza.

"Tumefikwa, Mama."

Walikuwa wanakwenda stendi ya mabasi, upande wa pili wa mji. Adhuhuri hiyo dada yake Mama, Mama Mkubwa, alikuwa anapanda basi kwenda kuishi kwa mwanawe, mwisho kabisa wa nchi, safari ya kulala njiani. Mama Mkubwa ndiye aliyemlea Mama walipofiwa na mama yao. Alimbeba mgongoni, alimlisha, alimsuka nywele kila wiki mpaka siku ya kuolewa. Sasa wote wawili magoti yalikuwa yamekwisha, na kila mmoja alijua bila kuambiwa kwamba safari kama hiyo haina marudio. Watu walisema simu ipo. "Simu haina mikono," Mama aliwajibu, akawaacha na simu zao.

Na kitana kile kilikuwa cha Mama Mkubwa. Mama alikichukua siku alipoolewa bila kuomba, na miaka yote alisingizia kwamba kimepotea. Alikuwa ameapa kukirudisha kwa mkono wake.

Kinyozi alifungua boneti. Mvuke ulipotawanyika aliona mpira wa rejeta, ule mpira mpya aliowekewa jana tu, umepasuka kwa urefu kama ndizi iliyomenywa. Maji yote yalikuwa chini, yanakimbilia mtaroni.

"Profesa," alisema polepole, na meno yake yakaumana.

Profesa alikuwa fundi wa gereji ya mtaani kwao. Walimwita hivyo kwa sababu hakuna swali lililomshinda kujibu, hasa lile ambalo jibu lake hakulijua. Mtaa huo ulikuwa na desturi yake: ukipeleka gari gereji, unakalia tairi, unatazama mpaka mwisho, na kipuri cha zamani unakabidhiwa mkononi. Wakubwa kwa wadogo walikalia tairi. Kinyozi peke yake ndiye aliyekataa.

"Mama," alisema jana yake, "huyu mtu kila Jumamosi ananipa shingo. Naweka wembe kooni pake amefumba macho, siku nyingine anakoroma. Mtu aliyekupa koo lake utamkalia kama polisi?"

"Koo ni lake," Mama alisema. "Gari ni lako."

Hakusikia. Yeye mwenyewe alichukia mteja anayefuata mkasi kwa macho na kusema hapo umezidisha, hapo umepunguza. Kwake fundi kumchunga fundi mwenzake ilikuwa matusi. Akaacha ufunguo, akaenda zake kunyoa. Jioni Profesa akafungua boneti, na mpira ulikuwa unang'aa, mweusi, kama kiatu cha bwana harusi. Hata kipuri cha zamani alipewa, kimefungwa vizuri kwenye gazeti. Alikitia kwenye buti bila kukifungua, akaenda kumtambia mama yake.

Sasa alipiga simu. Ikaita mara moja, ikakatwa. Akapiga tena, ikawa imezimwa.

"Ananikwepa. Narudi sasa hivi, kwa miguu. Nitamkuta huko huko chini ya gari la mtu mwingine, nitamvuta kwa miguu."

"Nenda," Mama alisema kupitia dirishani. "Ukishamvuta, uniletee dada yangu hapa barabarani."

Kinyozi akasimama pembeni ya lami kutafuta msaada, lakini mkono aliupunga nusu, mkono wa mtu anayetaka kusaidiwa bila kuonekana ameomba. Magari yalipita. Moja lilipiga honi, la pili likamrushia vumbi. Dereva wa tatu alimpungia kwa furaha, akidhani anasalimiwa. Jua lilikuwa linapanda, na kila alipogeuka alimwona Mama akifungua leso, akitazama kitana, akifunga leso tena.

Pikapu moja iliyojaa magodoro mpaka juu ilipita kwa kasi. Mbele kidogo ikakanyaga breki. Ikarudi kinyumenyume, inayumba kama mtu mnene anayeshuka ngazi, na mwanamke akashuka. Alikuwa wa makamo, mikono ya shati ameikunja hadi kwenye viwiko, viatu vya kiume miguuni. Hakwenda kwenye boneti. Alikwenda kwanza dirishani.

"Shikamoo, Mama. Jua halijakuumiza?"

"Marahaba, mwanangu. Jua tumezoeana. Anayeumia ni huyu hapa nje."

Mwanamke akamsogelea Kinyozi, akachungulia injini, akapitisha kidole juu ya mpira uliopasuka. Kidole kikarudi cheusi. Akakinusa, akacheka kidogo, cheko la mtu aliyekutana na jamaa asiyempenda.

"Nusa."

"Ninuse nini?"

"Nusa tu, kaka."

Kinyozi akanusa. Harufu hiyo aliijua tangu utotoni, harufu ya asubuhi za shule, brashi na kitambaa.

"Dawa ya viatu?"

"Dawa ya viatu. Mpira ni ule ule wa zamani. Ameusugua, ameupaka, ukang'aa. Mimi si fundi, mimi nauza magodoro. Lakini nilifanyiwa hivi hivi, nikakaa njiani na mzigo mpaka mvua ikaninyea, magodoro yakanywa maji kama ng'ombe. Hakusimama mtu." Akafuta kidole kwenye suruali. "Kwa hiyo, kaka, ukiona wenzako tunanyolewa, wewe tia maji."

Ndani ya gari Mama akaangua kicheko mpaka akakohoa.

"Nimesema nini?" mwanamke akauliza.

"Huyo ni kinyozi," Mama alisema. "Unamfundisha kutia maji."

Mwanamke akaziba mdomo kwa kiganja. Kinyozi hakucheka. Alikuwa ameshafungua buti na kulichana gazeti. Ndani mlikuwa na kipande cha mpira kinene kama mkono wa mcheza mieleka. Alikiweka kando ya ule uliopasuka. Haikuhitaji fundi kuona.

"Huu wa lori," mwanamke alisema taratibu. "Gari lako lingeuvaa kama mtoto aliyevaa suruali ya babu yake."

Hapo moto ukamwakia Kinyozi. Haikuwa hasara iliyomchoma. Uliomchoma ni ule ufungaji mzuri wa gazeti, kona zimekunjwa sawasawa, kazi ya mtu aliyekaa chini akafikiri namna ya kumfanya mwenzake mjinga.

"Jumamosi atakuja," alisema, na sauti yake ilikuwa imeshuka chini sana. "Huwa haachi. Atakaa kwenye kiti changu, atafumba macho. Nitamnyoa nusu. Nusu kichwa, wallahi, nusu nimwachie kama shamba lililowashinda wenyewe, halafu nifunge duka niende nyumbani. Na atembee hivyo mtaa mzima."

"Jumamosi bado haijafika," mwanamke alisema. "Leo mlikuwa mnakwenda wapi?"

Mama ndiye aliyemweleza: dada, basi, adhuhuri. Hakueleza mengi. Mwanamke alitazama jua, akatazama magodoro yake, akatazama kile kitana ndani ya leso.

"Pandeni."

"Asante sana, dada," Kinyozi alisema haraka, "lakini una mzigo wa watu. Tutapata teksi. Hatutaki kukusumbua."

"Teksi ipi?" Mama alikuwa ameshafungua mlango, mguu mmoja nje. "Kinyozi hajinyoi, baba. Njoo unishike mkono."

Mbele palikuwa na nafasi ya mtu mmoja tu. "Wewe nenda juu," mwanamke akamwambia. "Kamba yangu imechoka. Lala juu ya magodoro uwe kamba."

Basi Kinyozi, aliyekuwa hataki hata kuonekana ameomba, akaukata mji mzima amelala chali juu ya magodoro, mchana kweupe, mikono ameitandaza kama aliyeangushwa kutoka mbinguni. Walipofika kwenye taa za barabarani, muuza miwani mmoja akamwangalia kwa makini.

"Usiku mwema, mzee."

"Na wewe," Kinyozi akajibu.

Dirisha dogo la nyuma lilikuwa wazi, na alisikia simu ya mwanamke ikiita. Akasikia upande wake wa mazungumzo: "Ndiyo, najua wageni wako wanafika leo... Hapana, gari halijaharibika. Nina mama wa watu hapa, namfikisha stendi kwanza... Sema tu, nasikia... Ndiyo. Nasikia." Halafu sauti ya mwanamume ikatoka kwenye simu, kali, ndefu, na yeye aliisikiliza yote bila kuikata. Kinyozi alikunja ngumi juu kule. Mtu alikuwa anatukanwa kwa ajili yao, na hata majina yao hakuyauliza.

Walipofika, basi lilikuwa limeshawaka. Lilikuwa linatoka kwenye maegesho yake kwa kurudi nyuma, kondakta ananing'inia mlangoni akipiga bodi kwa kiganja, twende, twende. Kinyozi aliruka chini akijua wamechelewa.

Mwanamke aliendesha pikapu mpaka kwenye geti la kutokea, akaisimamisha katikati, ikaziba njia yote. Akazima. Akashuka, akafungua boneti.

Basi likapiga honi. Likapiga tena, ndefu.

"We mama, toa kitanda chako hapo!" dereva akapiga kelele.

"Limezima."

"Nimelisikia linanguruma sasa hivi."

"Hata mimi nimelisikia," alisema, kichwa kikiwa ndani ya boneti. "Sasa hivi halingurumi." Kisha akageuza uso upande mmoja, akamwambia Kinyozi kwa sauti ya chini, "Mpeleke mama. Mpeleke taratibu, asije akaanguka. Gari langu likiharibika huwa halina haraka ya kupona."

Mama Mkubwa alikuwa amekaa kiti cha kwanza, karibu na mlango. Kondakta alisema alikigombea kiti hicho kama mbunge. Alipomwona mdogo wake alishuka ngazi kwa upande, ngazi moja baada ya nyingine, akashika mlango, akasimama.

"Umechelewa."

"Gari la huyu mwanao."

"Nilijua tu."

Hawakukumbatiana. Mama alifungua leso, akamnyooshea kitana. Mama Mkubwa alikipokea, akakigeuza, akagusa jino lililovunjika pembeni.

"Ulisema kimepotea."

"Kilipotea kweli. Kilipotelea kwangu."

"Mwizi," Mama Mkubwa alisema. "Kaa hapa."

Mama akakaa kwenye ngazi ya basi. Mama Mkubwa akakaa ngazi ya juu yake, akamvua kilemba mbele ya abiria wote, akatia kitana kwenye mvi, akaanza kusuka.

Nyuma ya basi mtu alilalamika kwamba hapa ni stendi si saluni. Abiria mwingine akamwambia anyamaze, kwani yeye hakulelewa na mtu. Kinyozi alisimama pale akatazama. Alijua mikono. Aliona viungo vya vidole vya mama yake mkubwa vimevimba, aliona kila fundo lilivyomuuma, na bado njia aliyoigawa kichwani ilikuwa imenyooka kuliko yoyote aliyowahi kuichonga kwa wembe. Kazi yake ilikuwa kuondoa nywele. Hakuwahi kusimama akamtazama mtu akizikusanya.

Getini kelele zilikuwa zimezidi. Mlinzi alifika, na madereva wengine wawili. Mmoja akasema ndiyo maana wanawake hawapewi usukani. Mwingine akasema maneno mabaya zaidi ya hayo. Kinyozi aligeuka, hatua ya kwanza ikamtoka, ngumi iko tayari. Mwanamke alimwona kutoka mbali. Akainua bisibisi, akaitikisa kidogo: hapana. Kisha akarudi kuchokonoa injini iliyokuwa nzima kabisa, akiwajibu kwa upole kwamba ndiyo, wana haki, ndiyo, anajaribu.

Msuko mmoja ukaisha. Wa pili ulifika katikati ya kichwa, vidole vya Mama Mkubwa vikagoma.

"Huu sitaumaliza," alisema.

"Acha. Umetosha."

"Haujatosha. Utafumuka." Alichukua kitana akakichomeka pale msuko ulipoishia, katikati ya nywele za mdogo wake, kikasimama. "Basi nakuazima. Kirudishe. Ukija nitamalizia." Akamwinulia Kinyozi macho. "Wewe, kijana wa magari mabovu. Umesikia?"

Kinyozi aliitikia kwa kichwa, akamsaidia Mama Mkubwa kupanda, akamshusha Mama, na walipokuwa salama kando, pikapu kule getini ikapona ghafla, ikanguruma, ikasogea. Basi likapita na honi ya hasira. Dirishani mkono mmoja wenye vidole vilivyovimba ulikuwa umetoka nje, na Mama aliutazama mpaka basi likapinda kona.

Alasiri ile Kinyozi alibeba magodoro. Nyumba ya wageni ilikuwa ya ghorofa, bila lifti, na hakumruhusu mwanamke yule aguse hata moja. Alipanda na kushuka, jasho likimpofua, godoro kichwani likigonga kuta kila kona. Mwenye nyumba, yule yule wa kwenye simu, alianza tena kumfokea mwanamke mapokezini, lakini Mama alikuwa amekaa pale kwenye kiti, kitana kimesimama kichwani kama taji.

"Baba," alimwambia mwenye nyumba, "mama yako yuko hai?"

"Yuko hai."

"Ulimwona lini?"

Mwenye nyumba akatafuta kitu cha kusoma mezani. Hakufoka tena.

Kisha walipita duka la vipuri. Kinyozi alishika mpira mpya, akaukunja, akaunusa mbele ya muuzaji bila aibu, akaunusa tena. Waliporudi kwenye gari kando ya barabara, aliufunga mwenyewe, bisibisi ya mwanamke mkononi, naye akimmiminia maji ya rejeta kutoka kwenye dumu lake. Waliwasha. Wakasikiliza wote watatu, vichwa vimeinama. Hapakuwa na mluzi.

Kinyozi alifuta mikono. Maneno yalimjia mengi, akayaona yote mepesi.

"Dada, duka langu liko nyuma ya soko. Mlete mumeo. Nitamnyoa mpaka siku nitakayokufa."

"Mume wangu ana upara."

"Wanao, basi."

"Mabinti watupu." Alikuwa anacheka sasa. "Usihangaike, kaka. Umenibebea magodoro, na mgongo wangu umekushukuru. Lakini kuna kitu kimoja nitakuomba, kama hutakasirika."

"Sema."

"Huyo Profesa wako. Jumamosi mnyoe vizuri."

Kinyozi akatazama chini. Tangu asubuhi, na kila alipopandisha godoro, alikuwa akiiona ile nusu ya kichwa, akiiona waziwazi, mpaka wapi wembe ungesimama.

"Ukimnyoa nusu," mwanamke aliendelea, "mtaani watamwonea huruma yeye. Wataacha kuuliza alifanya nini, watauliza wewe una nini. Na kesho yake nani atafumba macho kwenye kiti chako? Ameshaharibu mkono wake. Usimpe na wako."

"Kwa hiyo nikae kimya?"

"Nani kasema kimya? Mdomo unao. Nimesema mkono."

Mama alitoa kichwa dirishani, nusu kimesukwa, nusu kimetawanyika. "Mwitikie dada yako," alisema. "Yeye leo ametukanwa siku nzima na mkono wake haukuinuka."

Kinyozi alikwenda kwenye buti. Akautoa ule mpira wa lori, akaushika kwa mikono miwili, akaupima uzito wake. Kisha alinyanyua uso, akamtazama mwanamke wa magodoro.

"Duka langu lina kioo mbele," alisema, "na nikimaliza humshikia mteja kioo kingine nyuma, ili aone kisogo chake. Jumamosi Profesa akija nitamnyoa kichwa chote, dada, kwa wembe mpya, kazi safi kuliko zote nilizowahi kumfanyia. Halafu nitamshikia kioo, na mpira huu utakuwa unaning'inia ukutani nyuma yake, auone akiwa macho, nami nimuulize mbele ya watu ni wa gari gani. Mkono wangu hautatetemeka. Nakuahidi wewe, na Mama anasikia."